Safu Nyeupe, Safu ya Kijivu

Je, kosa lilianzia kwenye mkasi, au lilianzia kwenye huruma? Fundi Mdogo alijiuliza swali hilo akitia uzi kwenye tundu la sindano, alijiuliza akipiga pasi kola za mashati, alijiuliza akisubiri maji yachemke, na kila mara jibu lilimponyoka. Jambo moja tu alilijua kwa hakika: mkono ulioshika mkasi ulikuwa wake.

Aliitwa Fundi Mdogo ingawa alikuwa na miaka hamsini na mmoja na magoti yaliyolia kila alipoinuka. Wateja walimwita hivyo kwa kuwa Fundi Mkuu alikuwapo, dada yake aliyemtangulia kwa miaka saba, na palipo na mkubwa mdogo hana budi kubaki mdogo hata aote mvi. Wawili hao walikuwa na chumba kimoja cha kushonea, mlango ukitazama barabara na dirisha likitazama ukuta wa jirani. Ndani mlikuwa na cherehani mbili za kukanyaga kwa mguu, meza ya kukatia iliyotandikwa blanketi kuukuu, na rafu tatu za majora ya vitambaa vya sare za shule: buluu, kijani, na ule weupe usiosamehe doa. Vumbi la nyuzi lilielea humo mchana kutwa, likatua juu ya nywele zao, hata mgeni asingeweza kutofautisha mvi na kazi.

Baba yao alipofariki, Fundi Mkuu aliacha shule akakaa nyuma ya cherehani ili mdogo wake amalize masomo. Hakuwahi kulitaja jambo hilo. Hakuhitaji. Lilikaa kati yao kama nguzo ya nyumba, ambayo hakuna anayeitazama lakini kila mtu huizunguka anapopita.

Mambo yalianza na rafu. Asubuhi moja, mwaka uliopita, shule zikikaribia kufunguliwa, Fundi Mkuu alinyoosha mkono kuchukua jora la buluu kwenye rafu ya juu, kama alivyofanya kwa miaka ishirini, na vidole vyake vikaishia hewani.

"Nani ameipandisha rafu hii?" aliuliza.

"Nani aipandishe, dada? Panya?"

"Basi imepandishwa. Mimi nafika hapo. Kila siku nafika hapo."

Walimwita seremala aliyeitengeneza, mzee mwenye penseli sikioni. Akapima kutoka sakafuni, akachungulia misumari, akatikisa kichwa.

"Mama, misumari ina kutu ya tangu enzi. Rafu haijaenda popote. Labda dunia ndiyo imeshuka."

Walicheka wote watatu. Fundi Mkuu akamtania kwamba uzee umemwingia hata kwenye futi yake. Seremala akaenda zake, na kuanzia siku hiyo Fundi Mkuu akawa anapandia kigoda. Mafundi wawili waliopima vifua, mabega na viuno vya watu kwa zaidi ya miaka thelathini walikuwa wamesimama ndani ya chumba chenye tepu nne za kupimia, na hakuna aliyefikiria kumpima Fundi Mkuu mwenyewe.

Wiki mbili baadaye Fundi Mkuu aliinama kuokota jora, akakohoa, na kitu kikakatika mgongoni mwake kama uzi mkavu. Hakupiga kelele. Alishika ukingo wa meza, akabaki ameinama vile vile, jasho likimtiririka puani.

Binti yake, ambaye alikuwa mwalimu na ambaye nyumbani kila mtu alimwita Mwalimu, aliwapeleka hospitali wote wawili. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba, asiye na haraka. Aliposikia kwamba mama yao alizeeka akipinda mgongo kama ndoano, alisema wapimwe mifupa wote wawili. Wakalazwa mmoja baada ya mwingine juu ya kitanda kigumu, na mkono wa mashine ukapita juu yao polepole, bila kuwagusa na bila sauti.

"Mama, umepungua sentimita tano," daktari alimwambia Fundi Mkuu, akimwonyesha picha ya uti wake wa mgongo. Pingili moja ilikuwa imebonyea upande mmoja kama boksi la karatasi lililokaliwa na mtu. "Mifupa yako imepoteza uzito wake. Hedhi ikikoma, homoni inayoilinda mifupa hupungua mwilini. Mifupa huanza kubomolewa kwa kasi kuliko inavyojengwa. Haiumi, ndiyo maana hamjui. Mtu anajua siku inapovunjika."

Fundi Mkuu alitazama ile picha kwa muda mrefu. "Kwa hiyo rafu haikupanda," alisema.

Matibabu waliyopewa hayakufanana. Kwa Fundi Mdogo daktari alisema hivi: hedhi yake ilikuwa imekoma mwaka mmoja na nusu tu uliopita, joto la ghafla lilimnyima usingizi, na mifupa yake ndiyo kwanza imeanza kupungua. Kwake homoni zingefaa. Hatari zilikuwapo, naye alizitaja moja moja bila kuzipaka sukari, lakini aliona faida inazidi, na kila mwaka wangekaa tena wapime kama bado inazidi.

"Na mimi?" Fundi Mkuu aliuliza.

"Wewe, mama, ni miaka kumi na miwili tangu ukome. Tena damu iliwahi kukuganda mguuni. Homoni si dawa yako. Nakupa hii ya mara moja kwa wiki. Inashika mifupa moja kwa moja. Meza asubuhi kabla hujala kitu, kwa bilauri nzima ya maji, kisha ukae wima nusu saa. Usilale. Ukilala itakuunguza koo."

Fundi Mdogo aliyasikia maneno hayo yote kwa masikio yake. Hilo ndilo lililomkosesha usingizi baadaye, kuliko mengine yote. Hakuna aliyemficha kitu.

Walipotoka nje Fundi Mkuu aliinua mfuko wake mdogo wa dawa, akautazama dhidi ya mwanga. "Haya basi," alisema. "Wewe umepewa dawa ya ujana, mimi nimepewa ya wazee. Hata hospitali wanajua nani mtoto wa mwisho."

Dawa ya wiki haikupatana naye. Aliimeza kwa chai, kwa sababu maji matupu asubuhi yalimtia kichefuchefu, kisha akajinyoosha kitandani, kwa sababu mgongo ulimuuma akikaa. Kifua kikamwaka moto siku mbili. Wiki ya tatu alilitupa boksi lake kwenye droo ya vitufe. Mwalimu alipouliza kwa simu, mama yake alijibu, "Nakunywa, mwanangu, nakunywa," kwa sauti ya mtu anayemhakikishia mteja kwamba nguo yake iko tayari, imebaki kupigwa pasi tu.

Wakati huo huo Fundi Mdogo alianza kulala. Lile joto lililokuwa likimpanda kifuani na kumlazimu kutoka nje katikati ya kupima mteja lilipungua, kisha likawa la mara moja moja. Uso wake ulinawiri. Dada yake alimwangalia akikanyaga cherehani, akimwangalia kama anavyoangalia mshono wa fundi mwingine.

"Hebu nione hivyo vidonge," alisema siku moja mchana, mvua ikinyesha na barabara ikiwa tupu.

Fundi Mdogo alitoa kadi kwenye mkoba. Vidonge ishirini na vinane, safu mbili: ya juu nyeupe, ya chini ya kijivu.

"Tugawane."

"Dada, daktari alisema…"

"Daktari alisema, daktari alisema! Daktari kazaliwa na mama yetu? Mimi na wewe tumenyonya ziwa moja. Kinachokufaa wewe kitanidhuru mimi kwa lipi?"

"Damu yako iliganda, dada."

"Miaka ile! Nilikuwa nimetoka kujifungua. Mguu wenyewe huu hapa, unakanyaga." Aliukanyaga ubao wa cherehani mara mbili kuthibitisha. Kisha sauti yake ikashuka. "Mdogo wangu. Wewe hukumwogesha mama. Ulikuwa chuoni, na sikulaumu, mimi ndiye niliyekupeleka. Lakini mimi ndiye niliyemgeuza kitandani miezi minne baada ya kuvunjika nyonga. Alikuwa mwepesi kama kikapu. Nilikuwa nikimgeuza nasikia mifupa inasema. Siku ya mwisho aliniambia nisimguse. Mama yangu mzazi, aliniogopa mikono." Alikunja vidole vyake, akavikunjua. "Mimi siendi hivyo. Nilale kitandani nigeuzwe kama chapati? Siendi."

Fundi Mdogo alichukua mkasi wake. Ulikuwa ule mkubwa wa kukatia, ambao haukulala mbali na mkono wake. Aliiweka kadi juu ya meza ya kukatia, akaikata katikati, kati ya safu na safu, kwa mstari ulionyooka kabisa.

"Nyeupe zangu," Fundi Mkuu alisema, uso umechangamka. "Mimi ndiye mwenye mvi."

"Lakini rangi hizi, dada, si zina maana yake?"

"Maana gani? Ni za kuhesabia wiki. Kama sisi tunavyotia uzi mwekundu kwenye sare za darasa la kwanza tusizichanganye. Uzi mweupe, uzi wa kijivu, mshono si ule ule?"

Maneno hayo yaliingia akilini kwa sababu yalikuwa maneno ya kazi yao. Walikuwa wamegawana kitambaa kimoja maisha yao yote, nusu kwa nusu, wakavaa gauni moja miili miwili. Ndani ya boksi mlikuwa na karatasi ya maelezo iliyokunjwa mara nyingi, herufi ndogo kama mayai ya chawa. Miwani ya kusomea ilikuwa nyumbani. Fundi Mdogo aliikunja karatasi hiyo mara moja zaidi, akaipachika chini ya mguu wa cherehani uliokuwa ukiyumba.

Ikawa desturi. Kila boksi jipya lilipofunguliwa, mkasi ulipita katikati ya kadi, na kila mmoja akameza safu yake, siku moja dawa, siku moja mapumziko. Ilikwenda hivyo miezi minane. Fundi Mkuu alisema mgongo umepoa. Alisema analala kama gogo. Aliwatania wateja, akawaambia wanaume waliokuja kupunguziwa suruali wajihadhari, kuna mjane humu ndani ameanza kutia rangi. Fundi Mdogo alicheka pamoja nao, na ndani ya kicheko hicho alijiambia kwamba pengine madaktari nao hupima visivyo, kama wao walivyoipima rafu.

Kisha likaja doa.

Lilikuwa, asubuhi moja, juu ya mto mdogo wa kigoda cha dada yake, si kubwa kuliko kitufe cha koti. Fundi Mdogo aliliona Fundi Mkuu alipoinuka kwenda kuchukua pasi. Miaka yote hiyo ya kulinda vitambaa vyeupe ilikuwa imeyafundisha macho yake kuona doa kabla ya kuona nguo.

"Dada. Umejikata?"

Fundi Mkuu aligeuka, akatazama, akaupindua mto upande wa pili. "Ujana umerudi," alisema. "Umebisha hodi, nimeufungulia." Alicheka, lakini kicheko kiliisha ghafla, kama uzi unavyoisha kwenye bobini katikati ya mshono.

"Tangu lini?"

"Huu mwezi wa tatu. Inakuja, inakwenda. Usinitolee macho! Si dawa hiyo inafanya kazi? Mti uliokauka ukichipua, mtu hulia?"

"Miaka kumi na miwili, dada."

"Basi ilichelewa njiani." Akarudi kwenye pasi. Chini ya meza, nyuma ya kikapu cha mabaki, Fundi Mdogo aliona mafungu ya vipande vya pamba vilivyokunjwa vizuri, pindo zimeshonwa. Dada yake alikuwa amejitengenezea vitambaa vya hedhi akiwa na umri wa miaka hamsini na minane, akavipiga mshono kwa utaratibu ule ule wa zamani, bila kumwambia mtu.

Wiki hiyo hiyo Fundi Mdogo alikwenda kuchukua dawa zake za miezi mitatu. Mfamasia alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha foleni.

"Unameza vipi hizi?"

"Kama nilivyoambiwa."

"Hilo si jibu. Nyeupe kwanza mpaka ziishe, ndipo kijivu. Kila siku, bila kuruka. Ndivyo?"

Fundi Mdogo alilamba midomo. "Kwani rangi ina maana?"

Mfamasia aliweka kalamu chini. "Ina maana kubwa, mama. Nyeupe ina homoni moja tu. Kijivu ina ya pili ndani yake, na hiyo ya pili ndiyo inayolinda kizazi. Mwanamke mwenye kizazi akila nyeupe peke yake, utando wa ndani ya kizazi unajengeka, unajengeka, hakuna wa kuuzuia. Mwisho ni kutokwa damu ovyo. Na kwa wengine utando huo hugeuka saratani."

"Na mtu akila nyeupe tu… tuseme miezi minane?"

"Mtu gani?"

"Nauliza tu."

Mfamasia alimtazama kwa kitambo, na foleni nyuma yake ikaanza kunung'unika. "Huyo mtu wa kuuliza tu," alisema kwa sauti ya chini, "kama alishakoma hedhi na anatokwa damu, hata tone, asingoje. Aende kwa daktari, na aseme kila alichomeza. Daktari asipojua ulichomeza anakutibu gizani."

Fundi Mdogo alitembea kurudi kazini akiwa amefumbata boksi tatu nzima. Njiani hakuona watu. Aliona bitana: bitana ikishonwa juu ya bitana, na juu yake bitana nyingine, ndani ya koti ambalo hakuna mtu anayelifungua, mpaka mishono yake inapasuka yenyewe.

Alimweleza dada yake yote, amesimama, bado ameshika mkoba. Fundi Mkuu alikuwa akipinda pindo la sketi kwa mkono. Hakuinua uso mpaka alipofika mwisho na kukata uzi kwa meno.

"Nimesikia. Naacha vidonge leo. Yameisha."

"Hayajaisha. Lazima daktari ajue."

"Ajue nini? Kwamba mjane mzima nilikula dawa ya ujana kwa wizi? Kwamba wewe ulinipa? Mwalimu akisikia, unadhani ataniacha hapa? Atanichukua kwake, aniweke kwenye kiti nitazame ukuta, anihesabie vidonge kama mtoto. Na wewe hatakuita tena mama mdogo."

"Ni afadhali hayo kuliko…"

"Kuliko nini? Damu itakatika. Nimeifungulia mlango mimi, nitaufunga mimi." Hapo ndipo alipoinua uso, na macho yake hayakuwa makali. Yalikuwa yakiomba, jambo ambalo Fundi Mdogo hakuwahi kuliona. "Wanasema ulimi hauna mfupa. Wako utie mfupa, mdogo wangu. Kwa mara hii moja. Sijawahi kukuomba kitu."

Ilikuwa kweli. Mwanamke aliyempa shule, na kazi, na nusu ya kila kitambaa, hakuwahi kumwomba kitu ila ile safu nyeupe.

"Niahidi."

"Nakuahidi," Fundi Mdogo alisema.

Damu haikukatika. Baada ya wiki tatu Mwalimu alipita kuchukua gauni lake, akamkuta mama yake ameegemea meza ya kukatia kwa mikono miwili, midomo imepauka, na sakafuni tone moja lililokuwa bado halijakauka. Mwalimu hakupayuka. Alivua viatu vyake vya kazi, akamvalisha mama yake kanga juu ya gauni, na kesho yake wakawa mbele ya daktari yule yule, wote watatu kwenye chumba kidogo chenye viti viwili. Fundi Mdogo alisimama karibu na mlango.

Baada ya vipimo vya asubuhi hiyo, daktari alikuwa na majibu mawili mezani. La kwanza lilikuwa la mifupa, kwa kuwa mwaka ulikuwa umefika. Aliitazama karatasi, akaitazama ile ya zamani.

"Imeshuka tena, mama. Sielewi. Dawa ya wiki unaimeza?"

"Naimeza."

"Kila wiki? Kwa maji, ukikaa wima?"

"Wima kama askari," Fundi Mkuu alisema.

Daktari alikuna paji la uso. "Basi haikushiki. Nitafikiria kuhamia sindano, yenye nguvu zaidi." Aliandika. "Sasa hii damu. Tumechukua kipande cha utando wa kizazi, majibu yatatoka Jumatano. Picha inaonyesha utando ni mnene kuliko inavyotakiwa kwa umri wako, mnene sana. Una dawa nyingine yoyote unayotumia? Homoni? Mitishamba? Hata ya kupaka?"

Chumba kilikuwa na saa ya ukutani ambayo mshale wake wa sekunde ulikwama na kuruka, ukakwama na kuruka. Fundi Mkuu hakugeuka kumtazama mdogo wake. Hakuwa na haja.

"Hapana," alisema. "Ile ya wiki tu."

Fundi Mdogo alifungua mdomo. Ulimi ulikuwa pale, mzito, na neno lilikuwa juu yake. Kisha daktari akasema, "Sawa," akaandika, na wakati ukapita. Fundi Mdogo aliuona ukipita. Alitoka nje ya chumba kile akiwa na vidonge vyake mkobani, na mifupa yake ikiwa imepungua kidogo tu, na usingizi wake mzuri, na akajiona mwizi.

Jumatatu Mwalimu alikuja tena chumbani kwao baada ya masomo, chaki bado iko mikononi. Alikaa kwenye kigoda cha wateja. Mama yake alikuwa kwenye cherehani lakini hakukanyaga; alikuwa amelaza mikono juu ya sketi ya kijani kama mtu anayepasha mikono joto.

"Mama mdogo, naomba kukuuliza," Mwalimu alisema. "Nimesoma, nimeuliza watu. Daktari amesema utando haunenepi hivyo bila sababu. Wewe ndiye unayeshinda naye kutwa. Hakuna kitu alichokula? Hata mizizi ya mtu wa sokoni? Mimi sitagomba. Nataka kujua tu, kabla ya Jumatano."

"Nimeshasema hapana," Fundi Mkuu alijibu. "Mbona unamhoji mdogo wangu kama mwizi wa kuku?"

"Sikukuuliza wewe, mama."

"Basi niulize mimi! Mwili ni wangu."

"Ni wako. Ndiyo maana nalia kila nikitoka kwenu, ukiwa hunioni." Mwalimu alisema hayo kwa utulivu ule ule, na utulivu huo ulikuwa mbaya kuliko machozi.

Fundi Mkuu alimtazama mdogo wake juu ya cherehani. Mgongo wake ulikuwa umepinda zaidi tangu mwezi uliopita. Sasa ilimbidi ainue kidevu ili kumwona mtu aliyesimama. Uso wake, kwa namna alivyoinama, ulikuwa uso wa mama yao. Fundi Mdogo aliuona na kuelewa kwamba dada yake hajawahi kuogopa kufa. Aliogopa mikono itakayomgeuza. Na kwa hofu hiyo alikuwa tayari kumfunga daktari macho, na yeye, Fundi Mdogo, alikuwa amesimama mlangoni ameshika taa iliyozimwa.

Watu husema mficha maradhi kilio humfichua. Hawasemi lolote kuhusu anayemsaidia kuyaficha.

"Dada," alisema.

"Uliniahidi."

"Niliahidi."

"Mbele ya kaburi la mama sikukuapisha. Nilikuomba tu. Na ulisema nakuahidi."

"Nilisema. Nilisema kwa sababu hukuwahi kuniomba kitu, na kwa sababu niliogopa Mwalimu atanichukia. Nilitaka niwe mwema. Nilikuwa mwema pia siku ile ya mvua, na tazama."

Mwalimu alitazama mmoja, akatazama mwingine. "Siku gani ya mvua?"

 Nje mtu aligonga kizingiti akiuliza kama sare ya mwanawe iko tayari; Fundi Mdogo akamwambia arudi kesho, akausukuma mlango ukafungika. Alirudi katikati ya chumba. 

"Ukisema," Fundi Mkuu alisema polepole, "usije kunigeuza. Siku ile ikifika. Aje mwingine."

"Sawa, dada."

"Nasema kweli."

"Najua unasema kweli." Alimgeukia Mwalimu, kisha akamgeukia tena dada yake, kwa kuwa hakutaka kusema mgongoni mwake. "Jumatano naingia na ninyi kwa daktari. Nitamwambia kwamba kwa miezi minane nilikugawia homoni zangu, safu nyeupe peke yake, baada ya yeye kukukataza mbele yangu. Na nitamwambia dawa ya wiki hujaimeza tangu mwaka jana, ndiyo maana mifupa imeshuka. Nitayasema mwenyewe, hata usiponiruhusu."